Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka, na ile njia yetu ilikotoka

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za masiku. Ya ada na matembezi nitayasema, ila naomba nianze na njia yenyewe tunayotembea, Illinois Prairie Path, hapa magharibi ya Chicago, Marekani, manake kuna mtoto wetu mmoja aliniuliza mbona hii njia imenyooka hivi kama imepigwa rula, nikashindwa kumjibu. Tunatembea hapo kila mara na hatujui tunakanyaga nini.

Tunakanyaga reli. Illinois Prairie Path ilikuwa njia ya treni ya umeme, Chicago Aurora and Elgin, ilianza kubeba abiria mwezi wa 8 mwaka 1902, inatoka Chicago inakuja magharibi, ikifika Wheaton inagawanyika, mkono mmoja Aurora mwingine Elgin, ndo maana na sisi tukifika Wheaton lazima tubishane twende wapi. Na umeme wake sehemu kubwa haukupita kwenye nyaya za juu, ulipita chini kabisa, kwenye reli ya tatu pembeni ya zile mbili, volti 600, ukigusa umekwisha. Leo palepale watoto wetu wanajifunza baiskeli.

Sasa ilivyokufa. Mwaka 1953, kwa sababu ya ujenzi wa ile barabara kubwa ya kuingia mjini, tunayoiita Eisenhower siku hizi, treni ikakatiwa Forest Park, abiria inabidi ashuke apande nyingine ndo afike katikati ya Chicago, watu wengi wakachoka wakaacha. Alafu ikaja tarehe 3 Julai 1957, na hii ndo inaniuma mpaka leo: asubuhi watu wamepanda treni kwenda kazini kama kawaida, saa sita mchana imepita kidogo kampuni ikapata ruhusa ya mahakama, ikasimamisha treni muda uleule. Jioni maelfu wanarudi stesheni, hakuna treni. Fikiria mama ameacha watoto nyumbani. Mizigo iliendelea mpaka 1959, na 1961 ikafungwa moja kwa moja.

Miaka miwili ikapita, majani yanaota tu. Ndipo bibi mmoja wa miaka 70, May Theilgaard Watts, mtaalamu wa mimea aliyefundisha kule Morton Arboretum, ile bustani kubwa ya miti, akaandika barua kwenye gazeti la Chicago Tribune, Septemba 1963, akasema wenzetu Uingereza wana njia za miguu za watu wote, na sisi tuipate hapa, na tuwahi kabla mabuldoza hayajaingia. Barua moja jamani! Watu wakamfuata, 1965 wakasajili shirika, wakaanza kufyeka wenyewe kwa mikono yao, na leo njia ina maili kama 61. Mwenyewe alifariki 1975, lakini njia alishaiona.

Kwa hiyo mwaka huu tulipoenda kufanya usafi nilifurahi sana, hasa yule mama yetu alipofukua majani akatoa msumari wa reli, mzito, umeliwa na kutu, ukapita mkono kwa mkono mpaka kwa wale wadogo. Tulifika pia stesheni ya zamani pale Villa Park, sasa ni makumbusho. Tulichoshindwa ni South Elgin, kwenye makumbusho ya treni, ambako behewa namba 20 la mwaka uleule wa 1902 bado lipo, mvua ilituzuia, tutaenda tena.

Ada: waliolipa asanteni, wasiolipa mwoneni mweka hazina, pesa inanunua maji na glavu za usafi, hakuna kingine. Na nina ombi kwa wazazi, usafi ujao msije peke yenu mkawaacha watoto kwenye simu, waleteni. Tunakutana Villa Park palepale stesheni, asubuhi, mje na makoti. Ule msumari ninao mimi, nitakuja nao.