Tuache kujenga madarasa ya Juni

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka mwezi wa Mei ukiingia, saiti za wilaya zetu huchangamka ghafla. Malori ya mchanga yanapishana, mafundi wanajenga hadi usiku kwa taa za jenereta, na mahali palipokuwa na majani matupu mwezi wa Machi panasimama darasa lililopakwa rangi wiki ya mwisho ya Juni. Watu humsifu mkandarasi kwa kasi yake. Kabla mwaka haujaisha rangi inabanduka, sakafu inatoa vumbi, na lawama zote anabebeshwa fundi. Fundi ana makosa yake, lakini kosa kubwa limo ndani ya kalenda.

Mwaka wetu wa fedha hapa Uganda huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015, fedha zisizotumika hadi siku hiyo hurudi Hazina. Fedha za maendeleo nazo hutolewa kwa awamu, na ofisi nyingi husubiri ziingie kwenye akaunti ndipo zitangaze zabuni. Tangazo lina siku zake, tathmini ina siku zake, notisi ya mshindi ina siku zake, na mikataba mikubwa lazima ipitiwe na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Matokeo yake mkandarasi anakabidhiwa saiti Aprili, mvua zikiwa zimeshika kasi.

Hebu tuhesabu jengo la vyumba viwili vya madarasa. Msingi na zege la sakafu huchukua wiki 3. Kuta za matofali ya kuchoma wiki 3. Mkanda wa zege juu ya madirisha, pamoja na kuusubiri ushike, wiki 2. Paa wiki 2. Plasta wiki 2, kisha wiki 4 za kuiacha ikauke. Rangi, milango na vioo wiki 2. Jumla ni wiki 18. Kutoka 10 Aprili hadi 30 Juni kuna wiki 11 na siku chache. Wiki 6 na ushei zinazopungua lazima ziibwe mahali, na huibwa pale ambapo jicho la mgeni wa heshima halifiki.

Za kwanza kuibwa ni siku za zege. Zege halikauki kama nguo kwenye kamba. Simenti inakula maji ili igeuke jiwe, kwa hiyo linapaswa kuwa na unyevu kwa siku 7 angalau, likifunikwa kwa magunia yanayomwagiwa maji asubuhi na jioni. Baada ya siku 7 huwa na takriban theluthi mbili ya nguvu zake. Hesabu za mhandisi zimewekwa kwenye siku ya 28. Pale saiti inapokimbizwa, mbao za fomu zinazolishikilia zege hubanduliwa kesho yake na kenchi hupandishwa juu ya mkanda ambao bado haujakomaa. Msimu wa mvua una hila nyingine: mchanga umeshalowa, lakini mchanganyaji anaongeza maji yaleyale ya siku za jua. Mfuko wa simenti wa kilo 50 unahitaji lita 25 hivi kwa jumla, na maji yaliyomo ndani ya mchanga yakiwemo. Kila ndoo ya ziada inarahisisha kazi ya koleo na kudhoofisha zege. Vipimo vichukuliwe kwa sanduku la sentimita 40 kwa 35 kwa 25, ambalo ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa simenti. Uwiano wa 1:2:4, yaani simenti, mchanga na kokoto, ukipimwa kwa toroli ni wa kubahatisha, maana hakuna toroli mbili zinazojazwa sawa.

Wizi wa pili ni wa mbao. Mkaratusi uliopasuliwa juma lililopita unapigiliwa misumari ukiwa mbichi. Ukikauka juu ya paa unasinyaa, misumari inalegea, paa linakuwa na mawimbi. Hapo ndipo upepo wa kabla ya mvua unapopata pa kuingilia. Kila mwaka tunasikia shule imeezuliwa na tunaambiwa ni dhoruba kali. Ukienda kutazama, mara nyingi utakuta mtambaapanya, ule ubao unaolazwa juu ya ukuta kubeba kenchi, umewekwa tu juu ya ukuta kama mtu alivyoweka fimbo. Ulitakiwa ufungwe kwa utepe wa chuma unaoshuka ndani ya ukuta kozi (mistari ya matofali) 4 au 5, au uliozamishwa kwenye mkanda wa zege kabla haujamwagwa. Hauwezi kuongezwa baadaye bila kuvunja. Tazameni na mabati: mkataba ukisema geji 28, geji 30 haikubaliki, kwa kuwa namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Namba hiyo mara nyingi imechapwa kwenye bati lenyewe. Isomwe lori likiwa bado halijashusha.

Plasta iliyopakwa rangi kabla ya kukauka haihitaji maelezo marefu. Maji yaliyomo ukutani yatatafuta njia ya kutoka na kuisukuma rangi. Shimo la choo linalochimbwa Mei ni hatari zaidi: kingo zinaporomoka, maji yanajaa, na fundi anasimamisha kina alipofikia huku karatasi zikiandika kina cha mkataba. Kina kipimwe kwa kamba kabla kifuniko hakijamwagwa.

Sasa tazama jambo ambalo halizungumzwi. Mkataba huzuia sehemu ya malipo ya mkandarasi, mara nyingi asilimia 5 au 10, hadi kipindi cha kasoro kiishe, yaani muda ambao yeye anawajibika kurekebisha kasoro zinazojitokeza. Lakini ofisa anajua kwamba fedha hiyo ikibaki kwenye akaunti hadi Julai itarudi Hazina, na kuirudisha kunahitaji bajeti mpya. Kwa hiyo analipa yote Juni. Silaha pekee iliyokuwepo mkononi mwa gombolola (serikali ndogo chini ya wilaya) inatoka siku jengo linapozinduliwa. Wilaya zitenge fedha hiyo katika bajeti ya mwaka unaofuata tangu mwanzo, kama deni linalojulikana. Kipindi cha kasoro nacho kiwe miezi 12. Jengo lililokabidhiwa Juni na kupewa miezi 6 linaonja mvua za Agosti hadi Novemba tu, halijaonja zile za Machi hadi Mei, ambazo kwetu huku mashariki ndizo nzito.

Dawa ya kalenda ipo, tena haihitaji shilingi ya nyongeza. Baraza la wilaya hupitisha bajeti kabla ya Mei kuisha. Michoro na orodha ya vipimo iwe tayari siku hiyo, zabuni zitangazwe mapema, na kinachosubiriwa kiwe uthibitisho wa fedha na saini peke yake. Mkandarasi akiingia saiti 1 Septemba, paa linakuwa juu kabla ya katikati ya Novemba. Plasta inakauka Desemba, kiangazi kikiwa kimeingia na watoto wakiwa likizo. Rangi inaisha mapema Januari, na muhula wa kwanza unaanza Februari ndani ya darasa lililokauka.

Wenyeviti wa kamati za shule nao wasisaini hati ya makabidhiano kwa kutazama rangi. Gonga sakafu kwa kipande cha nondo. Palipo na sauti ya utupu pamebanduka. Kwaruza kwa msumari. Ukichimba kirahisi, simenti ilipunjwa au zege lilinyimwa maji. Mwaga ndoo ya maji kwenye gata uone kama yanafika kwenye tenki au yanatuama katikati. Kasoro ziandikwe kwenye hati hiyohiyo, na tarehe ya kuzirekebisha, kabla ya saini ya yeyote.

Msimamizi wa ujenzi,
Tororo