Leja ya salfa iko ndani kwangu na mdogo wangu anataka dhamana kabla hajakamatwa, nifanyeje?

Habarini za saa hizi ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Mi ni mama wa miaka 46, mkulima wa korosho huku Newala. Naandika usiku maana usingizi umegoma leo siku ya tatu, mnivumilie habari yenyewe ndefu.

Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, ni karani wa ghala kwenye chama cha msingi hapa kijijini. Ndo anapokea salfa za ruzuku, ile dawa ya kupulizia mikorosho, gari likishusha, wakulima wanakuja anawagawia, anaandika kwenye leja, wanasaini au wanaweka dole gumba. Sasa msimu huu wakaja wakaguzi wakahesabu wakakuta pungufu ya mifuko 340, ile ya kilo 25, yaani tani nane na nusu zimeyeyuka hivihivi. Mtaani wanasema zimevushwa Ruvuma usiku zikauzwa Msumbiji, wengine wanasema wala hazijafika mbali ziko kwenye maduka hapahapa, mi sijui. Ninachojua viongozi wote wanamnyooshea kidole yeye kwa vile funguo anashika yeye, na yeye anasema funguo ziko seti mbili na ya pili haijawahi kuwa mkononi kwake. Juzi kapigiwa simu afike kituoni akatoe maelezo, hakwenda. Kaja kwangu saa nne usiku na pikipiki, taa kazima.

Kuna mtoto wa dada yetu anasoma sheria Dar, huyo ndo alimtajia hiyo dhamana ya kabla ya kukamatwa, basi mdogo wangu kaing'ang'ania hiyo hiyo, anataka niuze mbuzi na nikope tumlipe wakili aende Mahakama Kuu pale Mtwara akamwombee. Ikabidi nimpigie yule mtoto anieleze mwenyewe. Kumbe mwenzangu alisikia nusu! Mtoto anasema hiyo kitu ipo India, imeandikwa kabisa kwenye sheria yao ya mwaka 1973 kifungu cha 438, na hiyo mpya iliyoanza Julai 2024 imeihamishia kifungu cha 482. Kule mchele wa mgao wa serikali ukipotea ghalani mtuhumiwa anawahi mahakamani kabla polisi hawajamfikia, jaji anaangalia tuhuma ina uzito gani, huyu mtu ana rekodi gani, atakimbia au la, au kasingiziwa tu ili adhalilike. Akikubaliwa anapewa masharti, aende akihitajika kuhojiwa na asiguse mashahidi. Na mara nyingine jaji anakataa, anasema mali ya umma ikipotea polisi wanamhitaji huyo mtu mkononi wajue mzigo ulipita kwa nani na nani. Hata Kenya, Mahakama Kuu yao inatoa.

Ila hapa kwetu, anasema, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai haina utaratibu huo. Kuna dhamana ya polisi ukishashikwa, kuna ya mahakama ukishafikishwa, na ukikamatwa inatakiwa ndani ya saa 24 uwe umepelekwa mahakamani. Basi. Akaniambia mama mdogo, huyo aende mwenyewe na wakili wake, kukimbia kunamharibia, na ajue mali ikiwa ya thamani kubwa mahakama inaweza kutaka uweke nusu ya thamani yake, pesa au mali isiyohamishika.

Hapo ndo mjomba kaingia. Na nyie mnajua kwetu mjomba akishasema kasema. Anataka shamba letu la mikorosho, alilotuachia mama, liwekwe dhamana. Hati yake iko kwangu.

Sasa niseme lililonileta. Usiku ule mdogo wangu alikuja na leja kaifunga kwenye kanga ya mkewe, akaniambia dada nifichie hii, hawa wakiipata kwanza wataichana kurasa. Nikaiweka kwenye kiroba cha makopa. Jana yeye kalala nikaitoa. Jamani. Nimekuta jina la marehemu baba, tumemzika 2021, kachukua mifuko 6 msimu huu, kaweka dole gumba. Baba alikuwa anajua kusoma na kuandika, kusaini alikuwa anasaini, herufi zimelalia kulia kama zinapigwa upepo! Nikageuza ukurasa nikakuta jina langu mwenyewe, mifuko 6 na dole gumba, wakati mi nilipewa 2 nikaambiwa serikali imeleta kidogo, na mi nilisaini. Nimepulizia robo ya shamba, kwingine kote ugonjwa wa ubwiri unga umelala kwenye maua kama majivu, nikayaona yanakauka yanadondoka. Na aliyeniambia zimeletwa kidogo ni yeye.

Lakini mwandiko sio wa mtu mmoja. Kurasa nyingine wake, namjua toka darasa la kwanza mi ndo nilimshika mkono kuandika, kurasa zenye jina la baba na langu ni mwandiko mwingine. Dole gumba nyingi naona kama moja, lina kovu katikati. Sijamwomba anioneshe kidole chake, naogopa.

Kwa hiyo naomba wanaojua sheria mnisaidie, kwanza huyo mtoto yuko sahihi, hakuna kabisa njia ya kuomba huku kwetu kabla hajashikwa? Pili mi mwenyewe kukaa na leja hii si nimeshaingia kwenye kesi, nikiipeleka nimpelekee nani, polisi au wakili, na nikiipiga picha kwanza kuna kosa? Na kina mama wenzangu, mlio na wadogo zenu, shamba mngeweka?

Mjomba anakuja Ijumaa baada ya swala kuchukua hati. Mdogo wangu yuko chumba cha nyuma, ananiuliza kila saa wakili kasemaje, na wakili mwenyewe bado sijampigia.