Barua ya njaa ya mwaka 1623

Mhariri,

Binti yangu yuko darasa la tano hapa Houston, Texas. Juzi alirudi na karatasi ya barua ambayo Richard Frethorne, mtumishi wa mkataba (aliyefungwa kumtumikia bwana kwa miaka kadhaa) katika koloni la Waingereza la Virginia, Amerika, aliwaandikia wazazi wake Uingereza mwaka 1623. Tangu ashuke melini, asema, hajala ila njegere na uji mwepesi. Anawasihi wamkomboe, au basi wamtumie jibini, siagi au nyama.

“Baba, mbona huyu hajui kuandika?” aliniuliza, maana tahajia ya zama zile ni vurugu tupu. Tukaisoma kwa sauti hadi ugali ukapoa. Nikakumbuka barua zangu za bweni: sukari, sabuni, nauli. (Na chumvi niliitia, nakiri.)

Kitabu chao kinasema tu walowezi walipata shida. Mwalimu kawauliza: aliandika ili apate nini, na tumwamini kiasi gani?

Wazazi wenzangu wanalalamika kuwa nyaraka hizi ni ngumu kwa mtoto wa miaka 10. Ngumu, ndiyo. Wafafanuliwe maneno, lakini barua wasinyang’anywe. Wangu bado ananiuliza kama jibini ilifika.

Mzazi,
Houston, Marekani