Shoga, ukurasa wa Bububu usiende Jumatano

Chake Chake, Jumamosi usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima, na watoto, na Bi Mkubwa goti limempungua. Sisi huku hatujambo, mvua tu zimekazana. Miezi minne nimekaa kimya na bahasha yako iko juu ya meza, nisamehe. Leo naandika mbio kwa sababu Mama Salma kanipigia kunambia kijitabu chako cha asili ya majina ya vijiji kinakwenda kwa mchapaji Jumatano. Mswada nimeusoma wote, mara mbili. Majina 23 si mchezo, na wanafunzi wako wamefanya kazi ambayo watu wazima wengi hawajaifanya. Lakini nakuomba kwa hisani yako, ukurasa wa Bububu usiende kama ulivyo.

Umeandika kwamba Bububu imepata jina kutokana na mlio wa gari la moshi. Hadithi hiyo tamu, na reli kweli ilikuwepo: ilijengwa mwaka 1905, ikitoka mjini karibu na Ngome Kongwe mpaka Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Kinachoiangusha ni tarehe. Bibi Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Unguja, aliyekwenda Ujerumani akajiita Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na humo anaeleza alivyoishi shambani Bububu, kwa jina hilo hilo. Unguja aliiacha mwaka 1866. Basi jina lilikwisha kuwa midomoni mwa watu miaka 39 kabla ya gari la moshi kupiga mlio wake wa kwanza. Hata ukishika mwaka wa kuchapwa tu, bado jina limelitangulia gari kwa miaka 19. Mtoto hamzai mama yake.

Halafu ile hadithi nyengine, ya maji ya chemchemi, aliyoileta yule mtoto wa darasa la sita, umeiweka chini kwa herufi ndogo kama mwiko. Mimi ningeipandisha juu. Chemchemi za upande ule zilikuwa zikileta maji mjini tangu zama za Sultani Sayyid Barghash, reli haijafikiriwa. Na lugha inaiunga mkono: maji hububujika, na ndani ya neno hilo mna bubu-bubu ya maji yanayosukumana kutoka ardhini. Tarehe inakubali, lugha inakubali, na kitu chenyewe kipo mahali penyewe mtu akienda. Hata hivyo ningeandika “yaelekea”, nisingeandika “ni”. Mambo matatu yakikubali bado hujapata shahidi aliyekuwepo jina likitolewa.

Ya gari la moshi usiitupe, tafadhali. Iandike kwa ukamilifu, na mlio wake wote kama wazee wanavyouiga, chini ya kichwa “Masimulizi”. Ina thamani yake: inatuonesha watu walivyolisikia gari lile, na jinsi kijiji kilivyolichukua jina lake la zamani kikalipa maana mpya. Lakini hiyo ni habari ya miaka ya 1900. Si habari ya kuzaliwa kwa jina.

Nakuona unasema moyoni, “Shoga huyu anaking'ang'ania kitu kidogo.” Si kidogo. Kitu kikishachapwa na shule, mtoto hukisoma nyumbani, babu akakisikia barazani, na baada ya miaka mitano akija mtu na kinasa sauti, babu yule yule atamwambia hayo hayo kwa sauti ya uzee, naye ataandika “kwa mujibu wa wazee”. Hapo huwezi tena kutenganisha alilolipokea kwa bibi yake na alilolipokea kwenye kijitabu chako. Ndiyo maana nakusihi sasa hivi, kabla wino haujakauka.

Ukurasa wa Unguja nao uutazame. Mwanafunzi kaandika kwamba ni “ungu” na “jaa”, chungu kilichojaa, yaani kisiwa cha neema. Tatizo hapa ni mahali alipolikata neno. Al-Jahiz, mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 9, anakitaja kisiwa kwa umbo la Lunjuya, na Yaqut, mwanajiografia, katika karne ya 13 anakitaja tena pamoja na Tumbatu. Iangalie ile L ya mwanzo. Herufi za Kiarabu hazina g yetu, kwa hiyo konsonanti za katikati zimeyumba, lakini L haikuwekwa kwa bahati mbaya. Ngeli yetu ya u- ilikuwa lu- zamani. Sisi tunasema ulimi, Waganda mpaka leo wanasema olulimi. Basi jina lilikuwa kama Lunguja, na mkato wake ni U-nguja. Chungu hakimo, kwa sababu ile “u” ni kiambishi na wala si kipande cha “ungu”. Huu ndio mtihani wa kwanza ningewapa wanafunzi kwa kila jina: tafuta umbo lake la zamani kuliko yote yaliyoandikwa, kisha uulize kama hadithi bado inaingia humo. Hadithi inayofaa umbo la leo tu imetungwa juu ya umbo la leo.

Kizimkazi sasa. Habari za mfalme Kizi na mwashi wake Kazi, mkono uliokatwa, nyuki, na mwamba uliofunguka ukamficha mfalme ukafunga, mmeziandika vizuri mno, nilisoma kwa sauti. Lakini tazama kilichofanyika: jina la mji limekatwa vipande viwili na kila kipande kikapewa mtu. Ukiona mashujaa wa hadithi wanajumlishwa na kuleta jina la kijiji barabara, shuku kwamba jina ndilo lililowazaa. Uliza: Kizi anatajwa popote nje ya hadithi hii? Kuna mlango, kisima, shamba, ukoo unaojiita kwake? Ukipata hata kimoja, mambo yanabadilika.

Na pale mmeandika kwamba msikiti wa Dimbani, huko huko Kizimkazi, “unathibitisha” hadithi kwa sababu una maandishi ya mwaka 500. Hapana. Maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya kiblani yanatoa tarehe ya ujenzi, hayatoi asili ya jina. Tena msikiti una tarehe mbili, 500 na 1184 za Hijria, kwa kuwa ulijengwa upya baadaye. Wanafunzi wamechanganya Hijria na Miladia katika kurasa tatu, kwa hiyo wape hesabu hii wafanye wenyewe: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 500 unakuwa 485, ukiongeza 622 unapata 1107. Mwaka 1184 unakuletea takriban 1770. Inaweza kukosea mwaka mmoja huku au huku, lakini haitakukosesha karne.

Jambiani nina wasiwasi nayo, si ukatazo. Mmesema imetokana na jambia, kisu kilichopinda, lililookotwa mchangani. Jambia na -ni, sarufi haina doa. Ila majina yetu ya -ni kwa kawaida hushika kitu kinachokaa: Mtoni, Mkunazini, Miembeni, Darajani. Jambia lililookotwa mchangani huondoka na aliyeliokota. Kwa hiyo ningeuliza zaidi: kuna ncha ya ardhi au mwamba wenye umbo la jambia, hasa mtu akiutazama kutoka baharini? Hapo waulize wavuvi, msiwaulize watu wa barazani. Majina mengi ya pwani yalitolewa na mtu aliyekuwa ndani ya ngalawa akitafuta mlango wa mwamba, na kwa aliyesimama nchi kavu hayana maana yoyote.

Kuhusu njia ya kukusanya, kwa kuwa umeniuliza katika barua yako. Kadi moja kwa jina moja kwa msimuliaji mmoja. Usichanganye wasimuliaji wawili kwenye kadi moja hata kama wamesema neno moja. Juu andika jina linavyotamkwa na wenyeji, chini yake linavyoandikwa kwenye bango la barabarani, maana mara nyingi hayafanani. Kisha umri wa msimuliaji, kazaliwa wapi, kahamia lini, kalisikia kwa nani, na tarehe ya siku hiyo. Kama kazaliwa kwengine, hadithi yake bado ni nzuri lakini uzito wake ni mwengine. Mrekodi kwa simu na muandike maneno yake kama alivyoyasema. Kule Makunduchi msimgeuzie bibi Kikae chake, lahaja ya kule, kikawa Kiswahili cha darasani, kwa sababu ufunguo wa jina unaweza kuwa ndani ya neno lile lile mlilolisahihisha.

Swali nalo. Watoto wako wameuliza, “Ni kweli Bububu ni gari la moshi?” Mzee atakataaje? Adabu itamfanya akubali. Waambie waulize, “Hapa panaitwaje? Zamani pakiitwaje? Kwa nini?” kisha wanyamaze. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Na wazee waulizwe mmoja mmoja nyumbani kwao. Barazani anayesema wa kwanza huwabeba wote, utarudi na watu sita na hadithi moja. Wanne waliohojiwa mbalimbali wanatosha kuanzia, na angalau wawili wawe wanawake, maana wao ndio wanaojua majina ya visima na vijia.

Ukipata hadithi mbili zinazogombana, usichague haraka. Ziweke sambamba na upige mstari chini ya kile kisichobadilika. Mfano mzuri ni Dodoma. Wengine husema tembo alikuja kunywa maji akazama kwenye tope. Wengine husema Wagogo walichukua ng'ombe wa Wahehe, wakawala, wakachomeka mikia kwenye matope, na wenyewe walipokuja kuwatafuta wakaambiwa wamezama. Tembo anabadilika, ng'ombe anabadilika. Kinachobaki ni tope na lile neno la Kigogo, idodomya, imezama. Basi hapo penye mstari ndipo pa kuchimba: kulikuwa na kijito chenye tope la kumeza mnyama? Mnyama gani, hilo ni pambo la msimuliaji.

Na bango la barabarani lisiwe hakimu. Kule bara kuna bonde ambalo Wamasai wanaliita Oldupai, yaani mkonge pori unaoota humo, na Mjerumani Kattwinkel alipopita mwaka 1911 likaandikwa Olduvai, dunia nzima ikafuata. Herufi moja tu. Ukitafuta maana ya “Olduvai” katika Kimasai utatafuta mpaka uzeeke.

Narudi Bububu, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Ukurasa mzima hauhitaji kuandikwa upya. Mistari mitatu juu inatosha: jina limo katika kumbukumbu zilizochapwa 1886, reli ni ya 1905, yaelekea asili ni mbubujiko wa maji. Kisha kichwa “Masimulizi”, na hadithi ya gari la moshi ibaki neno kwa neno. Picha ya reli msiitoe, ni nzuri, ila maelezo yake yaseme mwaka.

Sasa nijibu haya. Yule mzee wa Dimbani aliyewasimulia ya nyuki kazaliwa pale pale au kaoa pale? Kadi za mwanzo mnazo bado, au mmeshazitupa baada ya kunakili? Zipo sauti za kwenye simu, na nani kazihifadhi? Mkamandume, mtawala wa zamani wa Pujini mwenye gofu, mbona hayumo, na mnajua mtu huku Pemba hawezi kulipita gofu lile bila ya kukusimulia waliobeba mawe wakijiburura kwa makalio? Mnataka niwahoji wazee wa Pujini mimi, kwa kadi hizo hizo? Mchapaji anaweza kungoja mpaka Jumatatu? Na Bi Mkubwa anakumbuka bibi yake alikuwa akisema nini kuhusu Bububu, yeye si kazaliwa njia hiyo hiyo? Muulize kesho asubuhi kabla hajachoka, na tafadhali usimtajie gari wala maji.

Nipigie Jumanne usiku, hata ikiwa saa tano.

Shoga yako wa Chake