Tusipime hatari ya gesi ya bahari kuu kwa kimo cha wimbi

Mhariri,

Nimesoma makala ya gazeti lenu kuhusu gesi iliyolala chini ya bahari kuu mbele ya pwani ya Lindi na Mtwara, na nashukuru kwamba mwandishi alijitahidi kuyaeleza mambo magumu kwa lugha inayoeleweka. Kuna sentensi moja, hata hivyo, ambayo sikuweza kuipita. Aliandika kwamba, kwa kuwa bahari yetu ni tulivu ukiilinganisha na Bahari ya Kaskazini, wahandisi hawatakutana huku na matatizo yaliyowasumbua wenzao wa Norwei na Uingereza. Nimechomelea vyuma kwa miaka 31, na kwa macho ya fundi naona hoja hiyo imepima kimo cha wimbi na kuacha mengine yote.

Tuanze na hiyo Bahari ya Kaskazini. Tarehe 1 Januari 1995, chombo cha leza kilichofungwa kwenye jukwaa la gesi la Draupner, upande wa Norwei, kilipima wimbi moja la mita 25.6 kutoka bondeni hadi kileleni. Wimbi la namna hiyo ni ghorofa nane zinazotembea, na bado jukwaa lilipata madhara madogo tu. Sasa turudi jioni ya tarehe 27 Machi 1980, katika eneo la mafuta la Ekofisk, bahari hiyo hiyo. Alexander L. Kielland, mtambo wa kuelea wenye nguzo tano uliokuwa ukitumika kama malazi ya wafanyakazi, ulikuwa ukipigwa na mawimbi yaliyofika mita 12. Bahari ilikuwa mbaya, lakini si mbaya kupita ile ambayo mtambo wa aina hiyo ulijengwa kuikabili. Mhimili mmoja ulikatika, mingine iliyoshikilia nguzo ileile ikafuata, nguzo ikang'oka, na kwa muda wa dakika 20 hivi mtambo mzima ukawa umepinduka. Walikuwamo watu 212, wakafa 123.

Wachunguzi walipoufuata ufa hadi mahali ulipoanzia, walifika kwenye mshono wa kuchomelea wa milimita 6. Mshono huo haukuwekwa kubeba uzito wa mtambo, bali kushikilia kipande cha chuma cha kufungia haidrofoni, yaani chombo cha kusikilizia sauti majini. Ndani ya ufa walikuta rangi. Fundi yeyote anajua maana yake: ufa ulikuwapo kabla mtambo haujapakwa rangi kiwandani, nao ukakaa humo ukiongezeka kidogo kidogo tangu mwaka 1976, mtambo ulipokabidhiwa, pasipo mtu kuuona.

Wasomaji wanaodhani mambo hayo ni ya Ulaya peke yake waende gereji yoyote ya malori. Mwaka mmoja niliwahi kuletewa lori la kubeba mawe ya chokaa lililokatika chesisi. Mwenye lori aliapa kwamba hakuwahi kulizidishia mzigo, na naamini alisema kweli. Nilipofuta matope na grisi kwa tambara lenye dizeli, niliona ufa umeanzia kwenye kona ya weldi ya bano dogo ambalo mtu fulani alilichomelea kwenye ukingo wa chini wa chesisi, mahali ambapo angeweza kulifunga kwa bolti ubavuni na asidhuru kitu. Bano lilikuwa la kubebea dumu la maji la lita 20.

Chuma huchoka kwa kurudiwarudiwa. Wimbi likipita kila baada ya sekunde 10, nguzo ya baharini itasukumwa na kuachiwa zaidi ya mara milioni tatu kwa mwaka. Mawimbi madogo huumiza kidogo, ni kweli, lakini hayapumziki, na wakati wa kusi hata bahari yetu haiwi tulivu kama mwandishi anavyodhani. Tena chini ya mawimbi kuna mkondo uendao kaskazini kando ya pwani yetu, ambao mvuvi wa Mafia anaujua kuliko mimi. Bomba la gesi likivuka bonde la chini ya bahari na sehemu yake ikabaki ikining'inia bila kuegemea kitu, maji yanayolipita hulitikisa mfululizo kama upepo unavyotikisa waya wa umeme, nalo likaanza kuchoka bila dhoruba yoyote.

Utulivu wa maji haukuiokoa hata Sleipner A, jukwaa la gesi la Norwei. Tarehe 23 Agosti 1991, katika ghuba iliyokingwa karibu na Stavanger, msingi wake mkubwa wa zege ulikuwa ukizamishwa taratibu kwa majaribio, ukuta mmoja ukapasuka na jengo lote likaenda chini. Watu wote waliokolewa. Hesabu za kompyuta zilikuwa zimeonyesha nguvu za kukata zege kuwa pungufu kwa asilimia 47 kuliko zilivyo kweli katika maungio fulani ya kuta, na nondo zilizowekwa humo hazikutosha. Kilichovunja ukuta ni uzito wa maji, kwenye kina cha mita 65 hivi. Gesi yetu iliyo mbali zaidi na pwani iko chini ya maji yenye kina cha zaidi ya mita 2,000, ambako shinikizo linazidi mara 200 lile la hewa tunayoishi ndani yake, mzamiaji hafiki, na kila mshono utakaguliwa na roboti inayoongozwa kutoka melini.

Kwa hiyo, Mhariri, mwandishi wenu atakaporudi kwenye habari hii, namwomba asiishie kuuliza mradi utaleta fedha kiasi gani. Aulize ni nani atakayekagua mishono, kwa vipindi vya muda gani, na iwapo mkaguzi huyo atalipwa na mwenye bomba au na mtu mwingine. Aulize pia kumbukumbu za ukaguzi zitawekwa wapi, na kama Mtanzania aliyesomea kazi hiyo ataruhusiwa kuzifungua bila kwanza kuomba kibali kwa kampuni.

Fundi mstaafu wa uchomeleaji,
Tanga