Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Mombasa: tupimieni dawa za miti shamba

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Nauza dawa za miti shamba Marikiti, kwenye kibanda nilichoachiwa na mama. Mama hakuwa akinunua unga. Alitaka jani zima, gome zima, avunje, anuse, aonje kwa ncha ya ulimi. Sanamaki, majani ya kulainisha choo, aliijulia kikonyoni: upande mmoja wa jani huanzia chini kuliko wa pili.

Siku hizi mzigo mwingi hutufikia umeshasagwa, na mbele ya unga jicho halina kazi. Masika iliyopita nilifungua gunia la mwarobaini, nikatia mkono katikati, nikakuta joto na uvundo. Nilimwaga lote. Kinachoninyima usingizi ni magunia ya nyuma yake, ambayo hayakunuka na nikayauza. Unyevu wa hapa kwetu hurudi kwenye kila kilichokaushwa, na baadhi ya ukungu hutoa aflatoksini, sumu isiyoondoka kwa kuchemsha. Mwaka 2004 sumu hiyo, ndani ya mahindi, iliua watu 125 nchini mwetu, wengi wao Ukambani.

Mheshimiwa, vipimo vya kuanzia havihitaji mamilioni. Shirika la Afya Duniani lilivichapisha kitabuni mwaka 1998. Hadubini huutambua unga kwa seli na vinyweleo vya mmea wenyewe. Mizani na oveni huonyesha maji yaliyobaki. Kisha kuna kipimo cha jivu, ambacho nakipenda kuliko vyote: unachoma gramu chache mpaka ziwe jivu, unalichemsha kwenye asidi, na kisichoyeyuka kwa kawaida ni mchanga. Hapo mteja anajua kama ameuziwa dawa au ameuziwa udongo. Kupima madini yenye sumu kama risasi kunataka mashine kubwa. Kwa hayo, zungumzeni na Mkemia wa Serikali, ambaye ana tawi papa hapa Mombasa.

Na nguvu ya dawa je? Sanamaki ya shamba hili si sawa na ya shamba lile. Kijiko kile kile leo hakifanyi kitu, kesho kinamlaza mtu kwa msokoto wa tumbo. Leseni yangu inasema nina ruhusa ya kuuza. Haisemi lolote kuhusu kilichomo chupani.

Naomba chumba kimoja karibu na soko, chenye vifaa hivyo na kabati la sampuli zilizothibitishwa na wataalamu wa mimea, kila moja na jina lake la kisayansi pamoja na majina yetu. Mwarobaini wengine huuita mkilifi, na yako majina yanayobeba miti miwili mitatu. Tutozeni ada, tutalipa.

Magunia yangu nitayaleta yapimwe ya kwanza. Majibu yabandikwe kwenye mlango wa kibanda changu, yawe mazuri, yawe mabaya.

Wako kwa heshima,
Muuza dawa za miti shamba, Marikiti