Pikipiki ya mjini haiwi ya safari kwa usiku mmoja

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wasomaji wanaojiandaa kuondoka Moshi na Arusha kwa pikipiki. Kila mwaka unapokaribia kwisha, gereji hupokea wateja wa aina moja. Barua ya uhamisho imetoka, nyumba Dodoma au Dar es Salaam haijapatikana, mtoto anatakiwa shule mpya Januari, na lori la vyombo limeshajaa. Pikipiki iliyozoea kumpeleka mwenyewe kazini, kilomita 6 kwenda na kurudi, sasa inatakiwa ikimbie kilomita 500. Inaletwa saa kumi na moja jioni, safari alfajiri, na agizo ni moja: fundi, iangalie tu.

Tunachosema ni hiki: kazi ya spana iishe wiki mbili kabla ya safari. Kifaa kipya chenye kasoro, au kilichofungwa vibaya, mara nyingi hujionyesha katika kilomita chache za mwanzo. Tyubu iliyobanwa na rimu hupasuka, nati ya ekseli hulegea, washa ya boliti ya kumwagia oili huvuja. Ni heri mambo hayo yatokee Kiboriloni au Njiro kuliko kati ya Same na Hedaru. Anayebadilisha vitu usiku wa kuamkia safari amehamisha majaribio yake kutoka mtaani kwake na kuyapeleka porini.

Tuanze na oili, maana hapo ndipo wengi hujidanganya. Injini nyingi za cc 125 na 150 hubeba karibu lita moja tu, na injini hizo hupozwa na hewa, kwa hiyo oili nayo husaidia sana kubeba joto. Mwenye pikipiki ya safari fupi husema hajatembea sana, haina haja ya kumwaga. Kumbe injini isiyopata moto wa kutosha haikaushi unyevu wake, na maji na petroli hujichanganya na oili taratibu. Fungua kifuniko uangalie: ukiona utando wa rangi ya maziwa, mwaga bila kutazama kilomita. Wa bodaboda ana tatizo la upande mwingine. Akitembea kilomita 100 kwa siku, sevisi ya wiki mbili zilizopita imeshaliwa na kilomita 1,400. Yeye amwage tena siku tatu kabla, kisha asipakie abiria hadi aondoke.

Nunua oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, yaani kiwango cha Kijapani cha oili inayofaa klachi za pikipiki, uzito wa 20W-50 kama ndivyo kitabu cha pikipiki yako kinavyosema, na chupa ifunguliwe mbele yako. Klachi za pikipiki hizi zinaogelea ndani ya oili hiyohiyo. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ikipata utelezi huo injini inavuma huku mwendo hauongezeki, hasa kwenye kilima na mzigo. Boliti ya kumwagia ikazwe kwa kiasi. Imeingia kwenye aluminiamu, na fundi mwenye mkono mzito akiua nyuzi zake leo, oili itadondoka kesho kutwa.

Cheni nayo hulaza watu wengi njiani. Pikipiki ikiwa kwenye stendi yake ya kati, cheni icheze milimita 25 hadi 30 katikati ya upande wa chini. Zungusha gurudumu upime sehemu nne, kwa sababu cheni iliyochakaa hukaza hapa ikalegea pale, na hiyo haitengenezeki kwa kuvutwa. Halafu funga mzigo, mtu aketi, upime tena. Mzigo unaposhusha nyuma ya pikipiki, cheni hukaza. Iliyokazwa kama waya wa gitaa ikiwa tupu itakula beringi za gurudumu na za shafti ya giaboksi. Ukibadilisha cheni, badilisha na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka huharibika upesi.

Tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu, zipimwe injini ikiwa baridi kabisa, kwa vipimo vya bati, siyo kwa sikio. Watu wengi hupenda injini iliyo kimya, na fundi huzikaza ili mteja afurahi. Lakini valvu ya moshi isiyofunga vizuri hukosa mahali pa kupoteza joto lake, na katika mwendo mrefu mfululizo huweza kuungua. Mlio mdogo wa tiki-tiki si ugonjwa.

Wa Arusha wana jambo la ziada. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na wengine wamewekewa jeti ndogo kwenye kabureta, yaani kitundu cha kupitishia petroli, ili petroli isizidi. Ukishuka Dar es Salaam na jeti hiyo, hewa nzito inakuwa nyingi mno kwa petroli hiyo na injini inachemka. Rudisha jeti ya kiwandani kabla ya kuondoka.

Tairi: mbele pauni 25, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na mzigo, ndivyo ilivyo kwa nyingi za aina hii. Pima asubuhi zikiwa baridi. Spoku zigonge moja moja kwa spana. Inayotoa sauti iliyokufa imelegea. Viatu vya breki vikikaribia mshale wa mwisho pale kwenye ngoma, weka vipya mapema, kwa sababu vipya havishiki vizuri hadi vikae.

Mzigo na mwendeshaji kwa pamoja visizidi kilo 130 hadi 150. Vyungu, vitabu na magodoro viende kwa lori. Kizito kikae chini na karibu na kiti, kwani kikiwa nyuma ya keria usukani unakuwa mwepesi, na upepo wa pembeni kule Mwanga na Same utakusukuma. Beba tyubu mbili, pampu, vyuma vya kutolea tairi, plagi na spana yake, kiungio cha cheni, fyuzi na nusu lita ya oili. Spana ya ekseli ya nyuma husahauliwa mno, na bila hiyo tyubu ulizobeba hazina kazi. Waya wa akiba wa klachi ulaze sambamba na wa zamani, ufungwe nao. Wa zamani ukikatika unahamisha ncha mbili tu.

Karatasi nazo zina muda wake. Kama kadi ya pikipiki bado ina jina la aliyekuuzia, hamisha umiliki kabla hujahama, maana muuzaji anabaki huku na wewe unakwenda. Leseni iwe na daraja linaloruhusu pikipiki yako, na bima isiwe inaishia wiki ya safari.

Kisha Jumapili moja, siku kumi kabla, funga mzigo wote kama utakavyokuwa na uende Moshi hadi Same na kurudi, zaidi ya kilomita 200. Wa Arusha aende Babati alale au ageuze Makuyuni. Simama kila kilomita 80, gusa habu, yaani kitovu cha kila gurudumu, kwa tahadhari: iliyo ya moto kuliko mwenzake ina breki inayokwaruza au beringi inayokufa. Safari hiyo humpima pia mwendeshaji. Mtu aliyefungasha nyumba usiku kucha hana macho ya kupishana na mabasi, na mwili uliozoea dakika 15 huanza kulalamika kiuno na viganja kabla ya Mwanga.

Siku yenyewe ondoka kumeshapambazuka, mwendo wa 60 hadi 65. Moshi hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 560, na pa kulala pazuri ni Korogwe. Angalia oili kila unapojaza mafuta, baada ya injini kutulia dakika chache.

Na mwenye siku tatu tu kabla ya kuripoti kazini asijaribu haya yote kwa haraka. Amwage petroli, achomoe waya hasi wa betri, aisafirishe pikipiki kwa lori ikiwa imesimama wima na kufungwa pande nne, naye apande basi pamoja na familia yake.

Mafundi pikipiki,
Moshi